Ukanda Mweupe

Mji wangu una watu elfu arobaini
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuzaliwa.
Nimeuchora kwenye karatasi tisa za ofisini.
Upande wa pili ni mabomba ya majitaka ya Mabela,
michoro yangu ya mchana, iliyokataliwa na mhandisi.
Ukiinua karatasi kwenye taa
unaona uchafu wa kweli
ukipita taratibu chini ya mji wa uongo.

Wengine huanza na ukuta, au kasri.
Mimi nilianza na falaji:
nani anakunywa kwanza, nani anaoga,
wapi punda, wapi watia rangi,
na nani, mwisho wa mfereji, anapokea
maji yenye habari za kila mtu.
Hapo ndipo nilipoweka Mtaa wa Majini Waliostaafu.
Juu yake Soko la Sauti:
mtumba tu, sauti zilizokwisha kutumika,
za bibi harusi huuzwa ghali, za mawakili kwa fungu.

Paa kwa paa, miezi mitatu.
Mgongo wangu unajua kila paa.
Kichochoro cha Mdaiwa kina kona kumi na saba
kwa sababu aliyekijenga alikuwa na madeni kumi na saba.

Katikati nikaacha ukanda mweupe.

"Hapa umesahau," akasema Rayya.
Nikamwambia, wadi.
"Ya wagonjwa?" akauliza Muhanna, na tukacheka,
sisi ambao nyumbani kwetu
neno moja hulazwa vitanda viwili.

Sikusahau.
Mwaka ule wa tufani nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Tulizoa tope sebuleni kwa sinia la biriani.
Friji la jirani lilikuja kutuamkia,
limelala chali getini,
mayai ndani mazima.

Kasri nililolihangaikia mwezi mzima
hawajaingia hata siku moja.
Thuwaini, mchana dalali wa viwanja Seeb,
usiku mwizi wa sikio moja,
aliweka kidole kwenye weupe:
"Hapa patupu. Bei gani?"
Karibu na bure, nikamjibu. Ilikuwa kweli.
Nikamtuma mlinzi wa daraja, mwanamke mkali,
akamwambia: Maji yana hatimiliki.
Thuwaini akamhonga tende.

Akajenga mkahawa, ghorofa tatu,
akauita Kwa Kifaya, jina la bintiye
ambaye kila Alhamisi huja naye
na hulala kwenye kochi letu, soksi moja.
Rayya akaandika orodha ya vyakula.
Muhanna, shujaa wa vita viwili,
akaomba kazi ya kuosha vyombo.
Wiki sita hawakuua zimwi.
Walibishana kuhusu mapazia.

Nami daftarini, tangu siku ile ya kwanza ya weupe,
kwa mwandiko wangu mwenyewe:
Kila kipupwe, tupa dadu ya pande ishirini.
Ikitoka moja, wadi inashuka.

Leo mjini ni kipupwe.
Karaki imefanya utando.
Ningeweza kuligeuza ukurasa lile daftari;
hakuna aliyelisoma ila mimi.
Thuwaini ananitazama. Dalali huyu
ameshauza ardhi ya kutosha kujua
uso wa mtu anayeficha ramani.
"Tupa," anasema. "Ulituonya."

Natupa.
Inapita juu ya Soko la Sauti,
inaruka ukuta niliouchora mara nne,
inatoka nje ya dunia, inadondoka,
inabiringika chini ya kochi.

Watu wazima wanne, magotini,
tochi za simu, vumbi, kijiko kilichopotea tangu Ramadhani,
na juu yetu Kifaya anapumua
kama mtu asiye na nyumba popote pa kubomoka.

Nimeiona mimi kwanza.

Rayya,
nipe kalamu ya buluu.